Dari la Volkswagen ya mjomba

Dari la kwanza nililoweka kwenye Volkswagen ya mjomba lilidumu misimu miwili ya mvua. Msimu wa kwanza halikuonyesha kitu. Msimu wa pili, asubuhi moja, nilifungua mlango nikakuta doa la rangi ya chai limejichora kwenye pembe ya mbele, juu kidogo ya kinga ya jua, upana wake kama kiganja. Niliweka mkono. Kitambaa kilikuwa cha baridi, na nilipokibonyeza, sponji iliyo nyuma yake ikatoa tone la maji lililoteremka mkononi mpaka kwenye kiwiko.

Kazi ile niliifanya kwa mikono yangu na nilikuwa nikijivunia. Ndiyo maana naandika haya kwa urefu. Watu wengi wanaofufua gari la zamani huanzia pale nilipoanzia mimi: wanaona dari limechanika au limening'inia, wananunua kitambaa. Kitambaa ndicho kinachoonekana, ndicho kinacholaumiwa. Kumbe dari la gari huanza kuharibikia upande wa juu ambao abiria hauoni, na ukiliweka jipya bila kushughulikia huko juu kwanza, umetandika shuka safi juu ya godoro lililolowa.

Gari lenyewe ni Beetle ya mwaka 1969. Mjomba aliliendesha miaka yake yote ya kazi, na macho yalipoanza kumsumbua akanikabidhi funguo bila maneno mengi. Ndani ya kijisanduku cha dashibodi niliikuta tochi, kipimo cha upepo wa tairi, na kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne, kimekakamaa kwa uchafu wa miaka. Nilidhani ni cha kufutia kioo. Nikakirudisha mahali pake.

Kabla sijaendelea, nieleze kidogo madari haya yalivyo, kwa sababu kosa langu la kwanza lilikuwa kuchanganya aina mbili zisizofanana kabisa.

Gari la siku hizi lina dari la ubao mwepesi uliofinyangwa kwa umbo la paa, ukabandikwa kitambaa chenye sponji nyembamba nyuma yake. Sponji hiyo ya poliuretani haidumu. Joto na unyevunyevu huivunjavunja taratibu mpaka inakuwa unga, na siku moja kitambaa kinajiachia na kukulalia kichwani wakati gundi bado iko palepale kwenye ubao. Ukitaka kulitengeneza, unatoa ubao mzima, unakwangua unga wote, unabandika upya. Ni kazi ya siku moja au mbili.

Gari la zamani lina mtindo mwingine. Dari lake halijabandikwa kwenye paa hata kidogo, limetundikwa. Fito nyembamba za chuma zimepinda kwa mviringo wa paa, na ncha zake huingia kwenye matundu ya fremu, kulia na kushoto. Upande wa juu wa kitambaa kuna mikunjo iliyoshonwa kukatiza upana wa gari, na kila mkunjo ni nefa, kama nefa ya suruali inayopitishwa ugwe. Ufito unapita kwenye nefa yake, kisha unapandishwa mahali pake. Kingo ndizo zinazovutwa na kugundishwa kuzunguka madirisha na milango, na ule mvuto wa kingo ndio unaolifanya dari likaze. Ukilitazama kutoka juu kabla ya paa kuwekwa, ungeona kitu kama mtumbwi uliopinduliwa, na wajenzi wa vyombo vya baharini wangeziita fito zile mataruma bila kusita.

Mtindo huu una asili yake. Waliojenga bodi za magari ya mwanzo walikuwa mafundi wa magari ya kukokotwa na farasi, watu wa mbao, turubai na misumari midogo. Kwa muda mrefu hata gari lililokuwa na bodi ya chuma lilibaki na uwazi katikati ya paa, uliozibwa kwa turubai lenye kuzuia maji juu ya fremu ya mbao, kwa kuwa hapakuwa na bati pana la kutosha wala mashine ya kulikandamiza likatoka kipande kimoja. General Motors walipoanza kuuza magari yenye paa la chuma lisilo na kiungo katikati, kwenye matoleo ya mwaka 1935, walilipa jina na kulitangaza kama ajabu. Paa likabadilika, lakini dari lililo chini yake likabaki lilelile la fundi wa farasi: fito, nefa, kuvuta, kukata. Miongo kadhaa baadaye Beetle ya mjomba ilitoka kiwandani na dari la namna hiyo, la vinili nyeupe ya maziwa, lenye vitundu vidogo kama vya sindano.

Mimi nililing'oa lile, nikafunga fito kwa kamba na kuzitupia stoo, nikabandika kitambaa chenye sponji moja kwa moja kwenye bati. Kilipendeza. Kilishika kila mviringo wa paa kama soksi. Na kwa misimu miwili kilikuwa kikinywa maji kimyakimya.

Baada ya lile doa nilimpelekea gari fundi mmoja mzee, mshona viti vya magari tangu ujana wake. Nilitegemea atalishika dari, alipime, aniambie kitambaa gani kinafaa. Hakuligusa. Alisimama mbele ya gari, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye mpira wa kioo cha mbele, sehemu ya juu, kutoka pembe moja hadi nyingine. Ukucha ulikuwa ukitoa mlio mkavu, kama unakwaruza ubao.

"Fundi, nibadilishe kitambaa?" nikauliza.

"Kitambaa hakijakukosea, mwanangu. Vua kioo."

Nilirudi na gari na kwa wiki nzima sikufanya lolote, kwa sababu kuvua kioo cha mbele ni jambo la kuogopesha ukilifikiria. Kisha nikaamua kujiridhisha kwanza maji yanapita wapi. Hapa nina ushauri mmoja ninaouthamini kuliko mwingine wowote katika kazi hii: usimwagie gari zima maji. Ukianza juu, maji yatashuka kila mahali na kila mahali pataonekana panavuja. Anza chini. Mpwa wangu alikaa ndani na tochi, mimi nje na bomba lenye maji ya mkondo mdogo, nikianzia kwenye ukingo wa chini wa kioo na kupanda taratibu, dakika tatu tatu kila mahali. Chini, kimya. Ubavuni, kimya. Nilipofika pembe ya juu, upande uleule wa doa, alipiga kelele, "Hapo! Usisogee!" Maji yalikuwa yakipenya chini ya mpira, yakikimbilia nyuma juu ya bati, kisha yakidondoka kiganja kizima mbali na yalipoingilia. Bila ya kupima hivyo ningeziba pale yalipodondoka.

Mpira wa kioo ulipokuwa mpya ulikuwa laini, ulijibana wenyewe kwenye kioo na kwenye fremu. Jua huukausha; unasinyaa, unakuwa mgumu, unaacha upenyo usioonekana kwa macho. Niliukata kwa kisu chenye wembe kuzunguka kioo kizima, kwa vile hata hivyo ulikuwa wa kutupwa, kisha nikasukuma kioo kutoka ndani kwa nyayo mbili, mpwa wangu akikipokea nje. Kikatoka salama.

Fremu iliyokuwa chini ya mpira ilinifanya nikae chini. Rangi ilikuwa nzima, hata ina mng'ao mahali pengine, lakini ilikuwa ganda tupu, kama ubao uliopitiwa na mchwa. Nilipoikwaruza kwa bisibisi ikabomoka na kumwaga unga mwekundu, na pembeni pakabaki matundu matatu ninayoweza kuyaziba kwa ncha ya kidole. Kwa hiyo maji yalikuwa na njia mbili: chini ya mpira, na moja kwa moja kupitia bati. Mpira mpya peke yake usingesaidia kitu.

Nikavua kila kitu. Kioo cha nyuma, vioo vidogo vya ubavuni, kioo cha kutazamia nyuma, kinga za jua, taa ya ndani, mipini ya kujishikia. Nikabandua dari langu zuri, na juu yake, kwenye sehemu ambazo sikuzifikia mara ya kwanza, nikakuta mabaki ya jamvi la nyuzi la kiwandani, lililowekwa kupunguza mlio. Bati pana lisilo na kitu nyuma yake hulia kama ngoma, kwa hiyo jamvi lile lilikuwa na kazi ya haki. Lakini nyuzi hunywa maji na haziyaachii. Tena hayahitaji hata kuvuja: usiku paa hupoa kuliko hewa iliyo ndani ya gari, na unyevu wa hewa hiyo hugeuka umande chini ya bati. Umande ukiingia kwenye jamvi, kesho haukauki wote, kesho kutwa unaongezeka. Ukibandua jamvi la namna hiyo vaa barakoa nzuri na miwani, na lilowanishe kwa maji kidogo kabla ya kulivuta, maana ndani yake kuna vumbi la miaka mingi, ukungu, na mara nyingi kazi ya panya. Katika magari ya umri huu vifaa vya kuzuia joto na sauti vingine vilikuwa na asbesto, madini ya nyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, hivyo ukikuta kitu usichokitambua usikikwangue kikiwa kikavu.

Wakati nakwangua, karibu na katikati ya paa, mwanga wa tochi ulipita juu ya mwandiko. Tarakimu tatu, zimeandikwa kwa chaki ya nta moja kwa moja kwenye rangi ya kwanza ya kiwandani, na mstari mmoja chini yake, wa haraka, ulioishia kwa kupinda juu. Mtu alisimama chini ya paa hili kabla halijawa gari, akainua mkono, akaandika, akaendelea na lingine. Tangu mwaka 1969 hapakuwa na jicho lililoziona. Sijui zilikuwa za nini na sikutafuta kujua. Pale palikuwa pakavu, hapana kutu, kwa hiyo nilipazungushia tepu ya karatasi, nikapaka rangi pembeni yote, na juu ya mwandiko nikaweka vanishi isiyo na rangi. Upo hapo mpaka leo. Nikiendesha huwa najua uko wapi: nyuma kidogo ya kisogo changu.

Bati la paa ni jembamba, halifiki milimita moja, na lina kazi moja ngumu: kubaki na mviringo wake. Ukilichomelea kwa mkupuo mmoja mrefu, joto litalikunja na hakuna puti, ule udongo wa kusawazishia bati kabla ya rangi, itakayolificha. Kwa hiyo viraka vya fremu vilichomelewa kwa nukta, nukta moja hapa, nyingine mbali, kisha kusubiri mpaka unaweza kuweka mkono juu yake bila kuungua. Nilimwachia kazi hiyo mtu anayeijua kuliko mimi, na kwa nusu siku nilikuwa nashika kitambaa chenye maji na ndoo. Sehemu zenye kutu ya juujuu nilizisugua kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kikang'aa, na vishimo vilivyobaki nikavipaka asidi ya fosforiki, ambayo huigeuza kutu kuwa fosfati ya chuma, tabaka jeusi lililotulia. Kisha kuosha, kukausha, na rangi ya msingi ya epoksi mara mbili. Nasisitiza epoksi kwa sababu rangi za msingi za kawaida hupitisha unyevu, na watu hupaka hizo, wanafunga dari, wanadhani wamemaliza. Puti juu ya kutu nayo ni hivyohivyo.

Vimfereji vya pembeni mwa paa navyo nilivikagua. Vimeungwa kwenye paa kwa nukta za kuchomelea, na mshono wake umezibwa kwa kitu kama ulimbo ambacho hukauka na kupasuka. Nilikitoa chote kwa ncha ya kisu, nikaziba upya. Hili huwa linasahauliwa. (Kwa wenye magari yaliyovalishwa vinili juu ya paa kwa nje, mtindo uliopendwa sana miaka ya 1960 na 1970, hasa Marekani: fikirieni vizuri kabla ya kurudisha lile vazi. Mshono mmoja ukifumuka, paa zima linakaa ndani ya kitambaa kilicholowa.)

Badala ya jamvi la nyuzi nilibandika povu lenye vitundu vilivyofungwa, lisilonywa maji, na nililikandamiza kwa rola ili pasibaki hewa kati yake na bati. Hewa isipokuwepo hapo, umande hauna pa kukaa.

Sasa dari lenyewe.

Wenye Beetle tuna bahati. Yalitengenezwa magari 21,529,464, la mwisho likitoka kiwandani Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003, na kwa wingi huo bado wapo wanaoshona madari yake kwa vipimo vya asili. Mwenye gari la nadra zaidi lazima achore upya kutoka kwenye dari kuukuu, kwa hiyo lolote litakalotokea, usilitupe la zamani hata kama limekuwa matambara. Fumua mishono yake, laza vipande mezani, weka alama nefa ilikuwa wapi. Hicho ndicho kielelezo chako. La kwangu nililitupa.

Na fito nilizitoa stoo zikiwa rundo. Kila ufito una urefu na mpindo wake, kwa sababu paa halina upana mmoja, na ukiweka wa kati mahali pa wa nyuma, dari litakataa kukaza milele na hutajua kwa nini. Nilitumia jioni mbili kuzijaribu moja moja kwenye matundu ya fremu mpaka kila moja ikapata nyumba yake: ufito sahihi unaingia kwa kubanwa kidogo na kujiinua wenyewe dhidi ya paa, usio sahihi unalegea au unakataa. Kama ningefunga karatasi yenye namba kwenye kila moja siku ya kuzivua, kazi hiyo isingekuwepo. Nilizisafisha, nikazipaka rangi, nikazisugua kwa nta, kwa maana ufito wenye kutu utalipaka vinili mstari wa kahawia kutoka ndani.

Vinili iliyokunjwa kwenye boksi ina makunyanzi yenye kiburi. Nililitandaza dari juani tangu asubuhi, uso chini, mpaka mikunjo ikalainika. Kisha nikachora mstari wa chaki katikati, mbele hadi nyuma, upande usioonekana, na mstari kama huo kwenye paa. Nikapitisha fito kwenye nefa, nikaanza kutundika. Kwa dakika chache za kwanza kitu chote kinaning'inia kama wavu wa mvuvi na unajiuliza kama kweli kitakuja kuwa dari. Unapachika vibanio: kimoja mbele katikati, kimoja nyuma katikati. Unavuta. Kisha kulia, kisha kushoto, kila mara pande mbili zinazotazamana, ukitoka katikati kuelekea pembeni. Ukikaza upande mmoja wote kabla ya mwingine, mishono itapinda na jicho halitaisamehe, kwa kuwa mishono ile inakatiza juu ya kichwa cha abiria kama mistari ya daftari.

Fundi mzee alikuja siku hiyo, akakaa kwenye kigoda nje ya mlango. Aliniona navuta kwa ncha za vidole, akaniita nitoke. Akaingia yeye. Aliweka kiganja kizima juu ya vinili, karibu na ukingo, akakisukuma kuelekea nje polepole, kama mtu anayelainisha nguo juu ya meza, na mkono wa pili ukapokea ziada na kuibana. Kunyanzi lililonisumbua kwa nusu saa likatoweka mbele yake kama kivuli. "Vidole vinavuta mahali pamoja," akasema, "kiganja kinavuta nguo." Akanirudishia nafasi yangu na hakugusa tena mpaka jioni.

Hatukutumia gundi siku hiyo kabisa. Dari lililala usiku mzima kwenye vibanio, zaidi ya sitini, na asubuhi lilikuwa limelegea kidogo kwa kujinyoosha, tukalivuta tena. Ndipo gundi. Gundi ya kazi hii ni ile inayopakwa pande zote mbili, kitambaa na bati, ikaachwa mpaka ukiigusa kwa mgongo wa kidole haikushiki, kisha pande zikakutanishwa. Mtu mwenye haraka huzikutanisha zikiwa mbichi na kesho anakuta zimeachana. Chagua inayohimili joto, kwa sababu paa likikaa juani linachoma mkono, na gundi ya kawaida huyeyuka humo. Milango yote iwe wazi, barakoa yenye kichujio cha mvuke iwe usoni, na pasiwe na cheche popote: mvuke wa gundi hiyo ndani ya gari ni sumu na unashika moto.

Kwenye pembe za mviringo vinili haiwezi kugeuka bila kukatwa. Unakata vipande vya umbo la V, ukisimama sentimita moja kabla ya ukingo. Sentimita hiyo inaonekana ya woga, lakini mkato hukimbia ukivutwa. Ziada yote nyingine haikatwi mpaka mwisho kabisa, mpaka umelala kwenye kiti cha nyuma ukatazama juu na kuridhika.

Pembe moja ya nyuma ilinitesa. Mikunjo mitatu midogo, kama ya kona ya jicho. Niliivuta, ikahamia pembeni. Nikaivuta huko, ikarudi. Ilibidi niipashe joto kwa mashine ya kukaushia nywele, nikiisogeza bila kusimama, umbali wa kiganja. Vinili ikipata joto hulegea na kukubali umbo, na ikipoa hulishika. Ikipata joto kupita kiasi huanza kung'aa, vile vitundu vya sindano hutanuka, na hakuna kurudi nyuma. Mikunjo miwili ilikwenda. Wa tatu niliuacha, kwa sababu niliona mng'ao unaanza.

Waya wa taa ya ndani nilikuwa nimeuvuta na kuuning'iniza kabla ya dari kupanda. Nilipapasa mpaka nikahisi uvimbe wa ncha yake chini ya vinili, nikachanja msalaba mdogo kwa wembe, nikautoa. Usikate duara. Ncha nne za msalaba hujikunja ndani na kubanwa na taa. Duara likikosewa linabaki wazi.

Vioo vilirudi na mipira mipya kwa njia ya kamba: kamba inalazwa ndani ya mfereji wa mpira kuzunguka kioo chote, kioo kinasimamishwa kwenye fremu iliyopakwa maji ya sabuni, mtu wa nje anabana kwa viganja, wa ndani anavuta kamba taratibu na mdomo wa mpira unapanda juu ya ukingo wa bati pamoja na kamba. Mpira huo huo ndio unaobana kingo za dari, na ndiyo sababu dari lazima litangulie vioo. Ukibadilisha mipira ya vioo mwaka huu na kuacha dari mpaka mwakani, utavua vioo tena.

Sehemu nyingine za ndani zilikwenda haraka zaidi. Nguzo zilivalishwa vinili ileile. Vibao vya milango vilikuwa vimejikunja kama majani makavu, na sababu ilikuwa karatasi ya plastiki iliyokosekana nyuma yake. Ndani ya mlango wa gari hunyesha kila mvua inaponyesha: maji hushuka na kioo cha dirisha, yakatokea kwenye matundu ya chini, na hivyo ndivyo ulivyoundwa. Karatasi ile ya plastiki ndiyo inayokikinga kibao, na karibu kila anayefungua mlango kutengeneza kitasa huichana na kuitupa. Weka mpya, zibua matundu ya chini. Viti nilivifunua nikakuta ndani usumba, nyuzi za makumbi ya nazi zilizoshikanishwa kwa mpira, na nikatambua kwamba ile harufu ya gari la mjomba niliyoikumbuka tangu utotoni ilikuwa ya hiyo. Kiti cha dereva kilikuwa kimebonyea kabisa, nikabadilisha. Vingine nikaviacha na usumba wake.

Mvua ya kwanza kubwa ilikuja siku niliyokuwa nimempakia mjomba. Ilikuwa jioni, nikaegesha pembeni mpaka ipungue. Mlio wa matone juu ya paa ulikuwa mzito, wa mbali, si ule wa debe niliouzoea. Mjomba hakusema lolote kuhusu dari; macho yake hayakumwonyesha mengi tena. Lakini mvua ilipozidi, mkono wake ulinyooka wenyewe, ukafungua kijisanduku cha dashibodi, ukatoa kile kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne, na bila kutazama akakipandisha mpaka pembe ya juu ya kioo, mahali pale pale, akatafuta upenyo wa kukichomeka.

Vidole vyake vilipapasa ukingo wa mpira mara mbili, tatu. Akakishusha kitambaa, akakishika juu ya goti, akakipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Kikavu," akasema.